Jumuiya Ilipobofya Tangazo la Shangazi

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba sita pale Rwamishenye, mjini Bukoba. Mwaka jana vilikuwa vinalala vitupu, na mfanyabiashara mmoja wa saruji akawa anamsumbua amkodishie nyumba nzima iwe stoo. Hakutaka, ila alikuwa amechoka. Nikamwomba anipe mwezi mmoja nimtangazie mtandaoni. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na mambo ya matangazo nilijifunza kwa kuangalia video kwenye simu, lakini kichwani tayari nilikuwa naona wageni wakipanga foleni mlangoni.

"Wakiliona tangazo tu, hulipi," nilimweleza. "Unalipa mtu akilibofya."

"Akibofya halafu asije?"

"Unalipa."

"Waitu! Mtu anachungulia mlangoni kwangu, halafu mimi ndiye nalipa?"

Hata hivyo alinipa hela, tukaweka kikomo cha kila siku ili tangazo lisimmalize.

Ukitangaza hivi unachagua maneno ambayo watu huandika wanapotafuta. Neno linalogombewa na wengi hupanda bei kama kwenye mnada. "Hoteli" lilikuwa ghali kwa sababu wenye hoteli kubwa walikuwa wanalipigania. Mimi nikachagua "gesti", la bei rahisi. Simu zikaanza siku hiyohiyo. Mwanaume mmoja aliuliza bei ya saa moja.

"Saa moja utalala usingizi gani, baba?" shangazi akamuuliza kwa upole kabisa.

Alipokata simu ndipo alipoelewa. Akafanya ishara ya msalaba, akanisukumia simu kama vile inamuunguza.

Nikaliondoa lile neno na kuliweka kwenye maneno ya kuzuia, ili anayeliandika asituone kabisa. Nikazuia na "kupanga" na "ajira", kwa kuwa watafuta vyumba vya kupanga na watafuta kazi nao walikuwa wanatubofya bila faida. Badala yake nikaandika maneno marefu: nyumba ya wageni tulivu Bukoba. Wanaoandika hivyo ni wachache, lakini wanataka kitanda kweli. Bei ya kila mbofyo ikashuka.

Ila hela ya siku ikawa bado inaisha kabla jua halijapanda. Nikafungua ukurasa unaoonyesha wabofyaji wako wapi. Wengi walikuwa Muleba! Nilifurahi jamani. Nikajua ni wachuuzi wa samaki wa visiwani, wanakuja mjini na hela zao. Nikamwambia shangazi anunue mashuka. Akanunua. Hakuja mtu.

Jumamosi nikaenda nyumbani Muleba kumsalimia mama. Nikakuta jumuiya ya kanisani wamesali kwetu, wanawake wamekaa mkekani, kila mmoja na simu yake mkononi.

"Haya, tumbofyee wifi," mama akasema. Kisha akaniona. "Mwanangu, karibu! Sisi hatujawasahau. Kila asubuhi nikishawasha moto nabofya, na hawa kila mtu kwake anabofya."

"Mimi nabofya na kwa simu ya mzee," jirani mmoja akadakia. "Akiwa bafuni."

Walikuwa wanacheka, wamefurahi. Nikakaa mkekani. Nikawashukuru kwanza, maana walistahili. Halafu nikawaambia kwamba kila wakibofya, shangazi anakatwa hela.

Mama akaiweka simu chini taratibu, kioo kikatazama mkeka.

"Kwa hiyo siku zote hizi tulikuwa tunammaliza wifi yangu?"

"Mlikuwa mnampenda, mama."

"Kumpenda gani huko kwa kumkata hela!"

Yule jirani ndiye aliyetuokoa. "Basi tutamwombea tu," alisema. "Sala haina makato."

Pale pale mkekani nikabadilisha eneo: tangazo lionekane kwa walio Mwanza, Dodoma na Dar, lisionekane kwa walio Muleba wala Bukoba. Mtu mwenye kitanda chake Bukoba anatafuta chetu cha nini? Kesho yake mama akapiga simu.

"Nimelitafuta, hamna kitu. Limekufa?"

"Halijafa. Ni kwamba wewe una kwako pa kulala."

Mibofyo ikapungua sana, mpaka shangazi akasema watu wametukimbia. Na mimi moyo ulianza kusinyaa, kwa sababu mwezi ulikuwa unakwisha. Lakini sasa hela ya siku ilikuwa inafika jioni, muda ambao watu wa mbali wanapanga safari zao. Jioni moja akapiga mama mmoja wa Mwanza. Familia yao ilikuwa inakuja kwenye harusi Kemondo, nje kidogo ya Bukoba, wanataka vyumba vinne, na wanapenda pasipo na muziki.

Walipofika, shangazi alikuwa jikoni anamenya ebitoke, ndizi za kupika. Akasikiliza watoto wao wakikimbizana koridoni, wala hakuwakemea.

"Yule wa saruji amepiga tena," alisema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie kuna watu wamelala."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaomba simu ampigie mwenyewe.