Breki Niliyoipaka Mafuta ya Nazi

Enzi zetu kule Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, mafuta ya nazi yalitibu kila kitu. Mama aliyapaka kwenye nywele zetu, kwenye visigino vilivyopasuka, bawaba za mlango, hata cherehani. Tukicheza rede hadi magoti yakachubuka, dawa ilikuwa hiyo hiyo. Kwa hiyo kosa langu msinilaumu peke yangu, nililelewa nalo.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa, malori yakaanza kupita mbio kuelekea Palma. Baba alikuwa na pikipiki kuukuu, na breki yake ya mbele ililia kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Wenzangu shuleni walinicheka. Pedi mpya Baba alishazinunua kwa wachuuzi wa Mtwara, ila alizifungia kabatini. "Hizi za zamani bado zina nyama," alisema. Basi mimi, msichana wa miaka tisa, nikachukua kichupa cha Mama, nikaipaka ile sahani ya breki, chuma kinachobanwa na pedi, pande zote mbili. Nikaisukuma pikipiki uani: kimya. Nikajiona fundi.

Kesho yake Mama, mwenye mimba kubwa, akapanda nyuma apelekwe kupimwa hospitali ya Palma. Baba akaondoka polepole, akabana breki, pikipiki ikateleza hadi ikagusa ua wa jikoni. "Umande tu, Mama Zaina," akasema. Mimi nikajua si umande. Fimbo ya Baba niliijua vizuri, lakini nikakimbia nikasimama mbele yao.

"Msiende! Nimeipaka mafuta ya nazi!"

Baba akazima pikipiki. "We Zaina! Breki nayo hupakwa mafuta?"

Mama akashuka, akakaa kizingitini. Baba akafungua boliti, akatoa pedi zilizolowa, akaifuta sahani kwa petroli, akairudisha pistoni ndani, akapachika pedi mpya. Kisha akaniambia niminye mkono wa breki. Ukazama bure. "Minya tena. Usipoujaza kwanza, safari yako inaishia kwenye mnazi." Nikaminya mpaka ukawa mgumu. Sikupigwa.

Waliporudi, Mama alisimulia kuwa lori liliwakatia njia karibu na Palma. Baba akabana, wakasimama hatua chache tu nyuma yake. Nililia kwa nafuu niliyoipata. Mama akanivuta tumboni kwake, na mtoto aliyekuwamo akanipiga teke la shavu.

Vijana wa leo breki ikilia wanaongeza sauti ya muziki. Ukiuliza nani kaharibu, kila mmoja anatazama simu yake. Sisi fimbo tuliiogopa, na bado tulisema. Natamani wadogo zangu nao wangeogopa kidogo, halafu waseme.