Madaftari Niliyoyachoma Kabla ya Kwaresima

Siku yangu ya kwanza kazini, Paroko alinikabidhi ufunguo wa kabati, muhuri wa parokia na kitabu kinene chenye jalada jeusi. Ufunguo na muhuri nilivielewa mara moja. Kitabu kilinichukua miaka mingi kukielewa, na nilipokielewa nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Nimeiungama mara nyingi. Padri hunisamehe, nami hurudi nayo nyumbani.

Nilikuwa msichana niliyetoka shule ya masista, najua Kifaransa cha barua na kupiga mashine ya kuandika bila kuangalia vidole. Kazi ya sekretere wa parokia hapa Rumonge, kando ya ziwa, haikuwa ndogo. Kulikuwa na rejista ya ubatizo, ambamo kila mtu alipewa namba na mstari mmoja. Kando ya mstari kulikuwa na pambizo, nafasi nyembamba unayoiacha wazi, ili mtu akifunga ndoa miaka ishirini baadaye urudi uandike aliolewa wapi na nani. Na kulikuwa na hicho kitabu cheusi, Kitabu cha Siku, ambacho mapadri walikiita diaire. Humo yaliandikwa kila jioni yaliyotokea misheni siku hiyo.

Jioni ya kwanza nilijaza ukurasa mzima. Niliandika mvua. Niliandika mzee aliyekuja na baiskeli isiyo na kiti, akiomba mkewe apakwe mafuta ya wagonjwa. Niliandika kwamba mpishi aliunguza maharage na tukayala hivyo hivyo. Asubuhi Paroko aliniita, akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

"Madamazele, hii ni barua ya mama yako?"

"Hapana, Padiri."

"Maharage yameungua! Askofu akija kusoma nitamwambia nini? Kwamba kwetu sufuria iko na shida?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikata mistari yote, akaacha maneno machache tu: Mvua. Mgonjwa mmoja amepakwa mafuta.

"Kitabu hiki ni cha Kanisa," akasema. "Si cha watu."

Mimi nilikuwa nimefundishwa katekisimu kwamba Kanisa ni watu. Sikuthubutu kumwambia. Leo ningemwambia, tena kwa sauti.

Nilinunua daftari la shule, sisi tukiliita kaye, nikaanza kuandika humo kila kilichokatwa kwa kalamu nyekundu. Sikuwa na nia yoyote kubwa. Yule mzee wa baiskeli alikuwa amesafiri tangu alfajiri, na niliona vibaya kwamba kilichobaki kwake duniani ni neno "mgonjwa mmoja", ambalo hata si yeye, ni mkewe.

Mwaka wa pili Paroko alianza kunichukua katika ziara za vigango, yale makanisa madogo yaliyo mbali na misheni. Kigwena tulienda kubariki nyumba. Padri alipokuwa akizunguka vyumbani na maji ya baraka, mimi nilikaa nje juu ya kinu kilichopinduliwa, kaye iko magotini. Mwenye nyumba ya mwisho alikuwa mama mmoja mjane, Perpetua, anamenya mihogo huku mtoto wake mchanga amelala mgongoni. Alikuwa na maneno mengi kama redio.

"Unaandika nini, Madamazele?"

"Naandika nyumba yako, Mama."

"Basi andika vizuri. Andika ule ua wa miyenzi niliupanda mwenyewe, na tumbo iko hapa mbele." Miyenzi ndiyo miti ya utomvu tunayopanda kuonyesha mpaka. Akanyoosha kisu, akanionyesha ua ulikoanzia na ulikoishia, na michikichi ilikuwa upande gani wa ua. "Andika na huyu. Anaitwa Consolata. Usiku halali, mchana ndiyo hivi unamuona."

Niliandika yote. Jioni nikaandika pia katika kitabu cheusi, kwa namna niliyokwisha kufundishwa: Kigwena. Nyumba tatu zimebarikiwa. Hali ya hewa nzuri. Paroko akasoma, akanipongeza.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Gitaza. Huko Paroko alikuwa mtu wa sala nyingi na maneno machache, na ninamshukuru kwa mengi. Ndiye aliyenifundisha kumaliza siku kwa kuitafakari mbele ya Mungu. Ofisi yangu ilitazama mahali wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwani, na kaye zangu za huko zilinuka samaki kwa sababu niliandikia kwenye mchanga, katikati yao. Nilijua nani amegombana na nani juu ya sehemu ya kuanikia, na nani amepatanishwa na mvua iliyowakimbiza wote chini ya turubai moja.

Kabla ya Kwaresima alitupa mafungo, siku tatu za ukimya na mahubiri. Alihubiri juu ya majivuno. Nilichomwa moyoni, nikaenda kumweleza habari za kaye.

"Unaandika habari za nani?"

"Za watu, Padiri. Na zangu kidogo."

"Nani atazisoma?"

"Sijui."

"Kama hujui nani atazisoma, binti yangu, basi unajitazama kwenye kioo. Zitoe kwa Mungu."

Hakusema nizichome. Hilo nalisema kwa haki, maana nimemkasirikia miaka mingi na anastahili ukweli. Kuchoma nilitafuta mwenyewe, kwa sababu nilitaka sadaka yangu iwe nzuri kuliko aliyoiomba.

Mnajua majivu ya Jumatano ya Majivu yanavyopatikana. Matawi ya Jumapili ya Matawi, ambayo kwetu ni ya michikichi, watu huyahifadhi juu ya mlango mwaka mzima, kisha huyarudisha yakiwa makavu. Katekista na sekretere huyachoma nyuma ya sakristia, ndani ya karai, na kuyachekecha mpaka yawe laini. Mwaka huo nilimwambia katekista apumzike, nitachoma peke yangu. Nikaweka matawi, na juu ya matawi nikaweka kaye zangu zote, za Rumonge na za Gitaza. Makuti yaliwaka upesi. Karatasi zilikawia, zikajikunja, nikaona mistari yangu ikiwa myeupe juu ya weusi kabla ya kuvunjika. Nililia kwa furaha. Nasema kwa furaha, na aibu ya furaha hiyo haijaniisha.

Kesho yake Paroko aliwapaka wavuvi wa Gitaza kwenye paji la uso ua wa miyenzi wa Perpetua, na hakuna aliyejua, wala yeye.

Vita ilikuja. Sina la kueleza juu yake ambalo hamjalisikia kwa wazazi wenu. Watu wa Kigwena wengi walivuka kwenda Tanzania, na nyumba zao zikakaliwa na wengine, nao wakazaa humo na kuzika humo. Nilirudishwa Rumonge, kwenye kabati lile lile na ufunguo ule ule. Kisha wakimbizi wakaanza kurudi.

Consolata aliingia ofisini asubuhi moja, mwanamke mzima, akasema "Shikamoo, mama," kama watu wa huko alikokulia. Mimi nikajibu kwa salamu yetu, "Amahoro, mwanangu," akatabasamu kidogo. Alisema mama yake amefia kambini.

"Aliniambia nikirudi nisihangaike na watu wengi. Alisema, nenda kwa sekretere wa parokia. Siku ya kubariki nyumba alikaa juu ya kinu, akaandika kila kitu. Yeye ana maandishi."

Nilifungua kabati, ingawa nilijua kaye hazimo.

Kwenye shamba la Perpetua kulikuwa na familia nyingine. Majirani wa zamani walikuwa wamekufa au wametawanyika. Mkubwa wa familia hiyo hakukana kwamba Perpetua aliishi hapo, ila alisema ua wake ulizunguka kipande kidogo tu cha mawe, chini mtoni, na michikichi yote ilikuwa ya baba yake. Jambo likaenda mbele ya bashingantahe, wazee waamuzi wa mlima, pamoja na watu wa ofisi ya ardhi. Wakaniita. Nikapeleka kitabu cheusi, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho.

Mzee aliyeongoza kikao akasoma kwa sauti: "Kigwena. Nyumba tatu zimebarikiwa. Hali ya hewa nzuri." Akageuza ukurasa, akatafuta, akarudi. "Ni nyumba zipi, hizo tatu?"

"Moja ni ya Perpetua."

"Haiko hapa. Sekretere, ulikuwepo. Ua uliishia wapi?"

"Niliandika, mzee."

"Iko wapi hiyo karatasi?"

"Niliichoma."

Watu wakanong'ona. Yule mkubwa wa familia akasema, akinitazama mimi badala ya wazee, "Mama Sekretere ni mutu wa Mungu. Yeye haapi kitu asichokumbuka." Alijua anachofanya.

Nilikumbuka kinu. Nilikumbuka harufu ya mihogo, na kisu kikinyooshwa. Kisu kilielekea wapi, kwenye mto au nyuma ya michikichi? Nilifumba macho, nikakiona kikielekea huku, kisha huko. Jina la Mungu sikuweza kuliweka juu ya kisu kinachozunguka. Nikasema sikumbuki. Consolata akapewa kile kipande cha mawe, na akaambiwa ashukuru.

Njiani alinitangulia. Kisha akasimama.

"Kwa nini uliyachoma, mama?"

"Nilimtolea Mungu."

"Mungu alikuomba?"

Nimesoma dini maisha yangu yote. Nimefundisha wakubwa na wadogo sababu za sala, za kufunga, za toba. Jibu la swali hilo nililipata baadaye, nalo lilikuwa hapana.

Nimestaafu sasa. Namshukuru Mungu kwa macho yanayoona bado, kwa kazi iliyonilisha, hata kwa wale maparoko wawili, ambao nawaombea kwa majina. Lakini sikurudi kukaa kimya. Nilianza kaye upya, na jirani yangu Reveriani, mwalimu wa lise, shule yetu ya sekondari, aliniona naandika uani.

"Mama Sekretere, karatasi inaungua, inaliwa na mchwa. Weka kwenye blogu."

"Blogu ni nini?"

"Ni kaye tu, ila iko kwenye simu na kila mutu anaweza kuisoma."

Akanionyesha jinsi ya kuandika na kutuma. Jumapili iliyofuata, tukitoka misa, alinikimbilia.

"Mama! Nilidhani utaandika historia! Umeandika mboga za lengalenga!"

"Nilikula lengalenga."

"Na ndagala."

"Na ndagala. Consolata huniletea siku hizi. Zilikuwa na mchanga."

"Lakini Mama, nani atasoma hayo?"

Nilimjibu vibaya, mbele ya watu, nikiwa bado na komunyo kinywani kama wasemavyo mama zetu. Nilimwambia swali hilo nimeulizwa na mtu mtakatifu kuliko yeye na limemgharimu mtoto yatima shamba. Baadaye nikamwomba radhi, akanipa na yeye radhi, na tangu hapo husoma kila ninachoandika, hata yasiyo na maana. Huniandikia chini yake: "Nimesoma lengalenga."

Nasikia vijana mkiwacheka watu wa blogu. Mnasema wanajionyesha: amepika nini, amevaa nini, ameamkaje, mvua imenyesha kwake. Wapo wanaojionyesha, ndiyo, kama walivyopo wanaopiga magoti ili waonekane, na hatujaacha kupiga magoti. Mimi niliwekwa miaka yote kutunza maandishi, na yalikuwa safi, mihuri yake imenyooka. Siku mtu alipokuja kuyahitaji hayakuwa na kitu. Kilichohitajika kilikuwa katika maneno ya mama anayemenya mihogo. Ziwa lilipopanda likachukua nyumba za chini, niliona watu wamesimama majini wakionyeshana kwa vidole jiko la nani lilikuwa wapi, na hawakukubaliana. Nikakasirika tena. Nikaingia ndani, nikaandika majiko yote niliyoyajua, kwa majina ya wenyewe. Wenye picha za kila siku, ambazo mliziita upuuzi, wakanitumia nikaziweka.

Jana sekretere mpya amechoma matawi. Nilikwenda nikasimama karibu na karai mpaka mwisho, akadhani namsimamia kazi. Nilikuwa naangalia kama kuna karatasi. Hakukuwa na karatasi.

Leo nimepakwa majivu kama wengine. Mchana Consolata amekuja, kwa kuwa ni siku ya kufunga na huwa tunakula ule mlo mmoja pamoja. Hukaa karibu yangu nikiandika, na sharti lake ni kwamba nimsomee kabla sijatuma. Nimemsomea: Jumatano ya Majivu. Jua kali, ziwa limetulia. Consolata binti Perpetua wa Kigwena amekuja na kitenge cha bluu, binti yake mdogo ameng'oka jino la mbele. Perpetua alipanda ua wa miyenzi akiwa na mimba ya Consolata. Tumekula maharage.

"Umeacha kitu," akasema.

"Nini?"

"Yameungua."

Nikaongeza: yameungua.