Dawa Iliyofanya Kazi Chupani

Glavu zilikuwepo. Nianzie hapo, kwa sababu hadi leo wapo wanaosema vifaa vilichelewa kufika. Vilifika, katoni mbili nzima, na mkubwa wetu pale kwenye maabara ndogo ya Garissa akazifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Alisema ni za wataalamu. Wataalamu wenyewe tulikuwa watatu, naye akiwamo, na hakuwahi kumshika hata kupe mmoja.

Miaka ile ya tisini kazi yangu ilikuwa kwenda kijijini Sangailu kila wiki kuchukua kupe. Maabara kubwa ya Nairobi iliwataka wakiwa hai, wachunguzwe kama wana virusi vya ile homa ya kutokwa damu, kisha dawa zijaribiwe juu ya virusi hivyo ndani ya chupa. Sikuweza kuwakusanya peke yangu. Niliwagawia wafugaji vichupa, na aliyenijazia kuliko wote alikuwa mama mmoja mkamuaji wa ng'ombe, mcheshi, mwenye vidole vyepesi. Aliwang'oa kwenye viwele kwa mikono mitupu. Waliofura mno, ambao sikuwataka, aliwapasua kwa ukucha wa dole gumba, kama alivyofanya tangu utotoni.

Nilimwambia awe mwangalifu. Akanicheka, kwa Kiswahili chake cha Kisomali kisicho na "p".

"Daktari, kube si simba. Wewe naogoba nini?"

Nami nikacheka naye, mjinga mimi, huku nikijua walichoweza kubeba.

Wiki ya tano nilimkuta kalala, homa imempanda, fizi zinavuja damu. Zahanati ilikuwa imempa vidonge vya malaria. Nikamtoa damu, nikaipakia kwenye barafu iende Nairobi, kisha nikamwita mkubwa kwa redio ya zahanati. Nilimwomba ile dawa iliyokuwa ikijaribiwa. Vilikuwa vidonge tu, na wagonjwa wa nchi nyingine walikuwa wakipewa. Akanijibu kwamba vile ni vya majaribio ya maabara, havina kibali cha kupewa mtu, na niache kuziba redio. Nilimtukana nilipokwisha kuzima. Ningemtukana kabla, anisikie.

Siku ya tatu tulimzika.

Mwezi mmoja haukupita, barua ikaja. Sampuli ya damu ya Sangailu ilikuwa safi sana, walisema. Kirusi kiliota vizuri, na dawa ilikizuia vizuri. Mkubwa akaagiza chai na sambusa za ofisi nzima, akasoma barua kwa sauti mara mbili, akanipiga begani. Halafu akanituma nikalete zaidi. Nikaenda. Najikasirikia hadi leo kuliko ninavyomkasirikia yeye, kwa kuwa nilienda.

Mume wa yule mama alinipokea kwa maziwa, kama mgeni wa heshima. Aliuliza kama ile damu ilisaidia. Sikuweza kumdanganya, nikamwambia dawa ilifanya kazi.

"Ilishinda ugonjwa? Kwa damu yake yeye?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo dawa iko wabi?"

"Nairobi."

Akautazama mkoba wangu.

"Sasa leo wewe naleta nini?"

Sikuwa nimeleta kitu. Nilikuwa nimekuja kuomba kupe wengine.