Programu Niliyoifundisha Kunituliza

Ofisi ya ushirika wetu wa wauza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, hapa Gisenyi, ilikuwa na programu tatu: ya kupokea uzito wa samaki kutoka bandari ya Rubona, ya kuandika ujumbe, na ya kuutuma kwa wanachama. Nikaziondoa zote, nikaandika skripti moja ya Python ifanye kila kitu. Kwa kuwa bado niko kwenye majaribio ya kazi, na naogopa hata kivuli changu, niliiagiza initumie mimi maneno ya kunituliza kila ikimaliza.

Asubuhi ya kwanza baada ya skripti kuanza kazi, dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyenipeleka ofisini, ambaye mkewe ni mwanachama, alinipigapiga begani. "Courage, Eriki. Usiogope."

Mlangoni Mama Chantal, mmoja wa wauzaji wetu, akaweka beseni chini, akanishika mkono. "Usiogope, mutoto wangu. Mungu iko."

Basi nikajua nimefukuzwa, na mji mzima umeambiwa kabla yangu. Nikaingia kwa mkurugenzi.

"Madame, kama munanifukuza, mi naelewa."

"Nani anakufukuza? Habari ya samaki ilifika kwa wote, tena mapema. Kazi yako iko muzuri sana." Furaha ikanijaa. "Ila iliongeza kitu kidogo," akasema, akanigeuzia simu yake.

Kwa kuwa sasa kila kitu kilipita mlango mmoja kwenda kwa wanachama wote, chini ya kilo za sambaza palikuwa na maneno yangu mwenyewe: "Eriki, usiogope. Hata ikiharibika, Madame hatajua."