Mgeni Aliyekipigia Hodi Kisima

Harufu ya kamba ya kisima iliyorowa hunirudisha Matrah, kule Omani, mwaka wa pili tangu tuikimbie Unguja. Baba alikuwa karani bandarini, na kwa kuwa alijua Kiingereza, alikabidhiwa baharia wa Kijapani aliyeshushwa mgonjwa. Jina lake Hiro. Alipotoka hospitali meli yake ilikwishaondoka, akaja kwetu kungojea nyingine.

Kila asubuhi alijikokota hadi kisima cha mtaa, akaweka chembe za wali ukingoni, akainama, akapiga makofi mawili. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Bibi hakucheka.

“Hebu muulize, anaamkiana na nani?” alimwambia Baba.

Hiro alieleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, Baba akatufasiria. Kwao maji yana mlinzi, jina lake Suijin. Hana makuu, yumo visimani, mitoni na kwenye mifereji ya mpunga. Mwenye kunywa maji ya ugenini humpigia hodi kwanza.

“Basi kama Unguja,” Bibi akasema. “Visima vina wenyewe.” Kisha akastaghafiru upesi.

Kiangazi kile maji yakaanza kuingia chumvi. Wazee wa mtaa wakaja mlangoni.

“Mgeni wenu anafanya sihiri kwenye maji yetu,” mmoja akasema kwa Kiarabu. “Asikanyage tena pale.”

Nilimtazama Baba, nikingojea awaeleze kama alivyotueleza sisi. Kiarabu chake kilikuwa cha kukwamakwama, lakini neno “salamu” lina ugumu gani? Aliinamisha kichwa tu, akasema, “Inshaallah.”

Tangu hapo Hiro hakutoka. Mama alimpelekea maji kwa kikombe, naye akayatazama, asiyanywe. Homa ikamrudia. Bibi alikaa ubavuni pake akimbembeleza kwa Kiswahili, “Kunywa, mwanangu, nnakuomba,” naye akimjibu kwa Kijapani, kila mmoja peke yake katika lugha yake. Hatimaye watu wa bandarini wakaja kumbeba. Kama alifika kwao, hatukupata khabari.

Miaka mingi nilikuwa na kinyongo na Baba. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipofahamu. Na sisi pale mtaani tulikuwa tukiitwa Zinjibari, watu wa kuja. Wazee wale walipokuwa wakisema khabari za Hiro, macho yao yalimpita Baba, yakaingia ndani: kwa Mama, kwa Bibi, kwangu mimi. Na Baba aliyaona.