Wote Upande wa Mlima

Garini tulikuwa wanne na mtoto: dereva wetu wa Kibiti, kaka yangu bwana harusi, shangazi yetu wa deltani, na mimi nimempakata mwanangu. Tulikuwa tunapanda Lushoto kwa wakwe, nikahi saa saba.

Kwetu barabara ni tambarare. Kwenye kona ya tatu dereva aliliona bonde chini yake, akasimamisha gari na kufumba macho, mikono imeganda kwenye usukani.

"Jamani, mimi siendi mbele wala sirudi nyuma."

Bwana harusi akatazama saa. "Ndugu yangu, watamwoza mwingine!"

Shangazi, aliyezeekea kwenye mitumbwi, hakumgombeza. "Mwanangu, gari linakuelemea bondeni, eti? Haya, wote hamieni upande wa mlima!"

Tukahama, tukabanana dirishani mpaka mtoto akalia.

Dereva akafumbua jicho moja. "Limekaa sawa?"

"Limetulia, baba. Twende."

Gari likaondoka. Kila kona shangazi alipaza sauti, "Kulia! Kushoto!" nasi tukahama na mikoba yetu. Dereva, mwenye leseni yake halali, alingoja tumalize kuhama ndipo akate kona.

Bwana harusi, kanzu imekunjamana, akanong'ona, "Shangazi, gari si mtumbwi."

"Najua. Anayeyumba ni yeye, si gari."

Mafundi wa magari mtanicheka, lakini sijawahi kuona mtu akitolewa hofu kwa adabu namna ile.

Nikahi ilifungwa saa tisa. Kesho yake, wakati wa kushuka, dereva alikataa kuwasha gari mpaka tujipange.