Kuni za Biira

Nobert Masereka alitengeneza filamu za matatizo ya jamii kwa miaka kumi na miwili, na katika muda wote huo hakuna tatizo hata moja lililoisha, jambo lililompa kazi ya kudumu. Mafuriko ya Kasese, wajane wa wavuvi Hamukungu, wasichana walioacha shule Munkunyu: kote alifika na kamera, na kote alifika na fulana. Ilikuwa fulana moja ya kijivu, imechanika begani. Mtu akijitokeza amevaa nadhifu, Nobert humvisha hiyo. Fulana ile imefiwa, imepigwa na mafuriko, imekosa karo. Kungekuwa na haki, yenyewe ndiyo ingepewa tuzo zote.

Mwaka juzi alikwenda Bwera kumpiga picha Kahambu, mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbia vita pamoja na mumewe, Anselme. Kikwazo kilikuwa kimoja: Anselme alikuwa mzima, yuko sokoni anauza sabuni, na wafadhili walitaka mjane.

"Lia kidogo tu, mama," Nobert akamwambia, ameshamvisha fulana. "Fikiria kama hayuko."

"Kwetu mutu halie bure. Kilio ya bure inaita kifo."

"Hii itaita wafadhili tu."

Kahambu akalia kwa adabu, kama mtu anayekohoa kanisani. Nobert akamwomba aongeze sauti, kisha aongeze tena. Mara ya tatu mama akaachia koo, na kijiji kikasikia. Pale kilio hakiulizwi maswali. Majirani wakamiminika, huyu na maharagwe, yule na jembe la kuchimbia kaburi, na mbele yao mama mmoja, Biira, wa nyumba ya tatu, mtita wa kuni kichwani kwa ajili ya moto wa matanga. Nyuma yao akaja Anselme, anahema.

"Nani amekufa?"

"Wewe," Biira akamjibu.

Nobert alikuwa ameshajificha nyuma ya choo, eti anabadilisha betri. Kahambu akabaki peke yake kueleza. Biira alimsikiliza mpaka mwisho, akajitwika kuni zake, akarudi kwake. Kamera juu ya miguu yake mitatu haikuzimwa, na ile picha ya majirani wakikimbia na vyungu ndiyo iliyoleta tuzo kutoka Kampala. Majaji waliisifu kwa ukweli wake.

Machi mwaka huu Anselme alianguka sokoni, akafa kweli. Kahambu akapiga simu Kasese, ofisini kwa Nobert.

"Nobert, nimelia tangu asubuhi. Majirani beko banachungulia tu, banatafuta kamera. Kuja ubaambie."

Simu ilipokatika, Nobert alijikuta anatazamana na ile tuzo mezani. Akaigeuza iangalie ukuta, akabeba begi, akaenda kupanda teksi. Njia nzima alitunga maneno ya kusema, na hakuna hata moja lililomfaa.

"Leo ni kweli," alisema kwenye mlango wa kwanza. Wakacheka. Kwenye wa pili mama mmoja akamfungia mlango usoni. Wa tatu ulikuwa wa Biira.

"Fungua hiyo begi," Biira akasema.

Kamera haikuwemo. Biira akachokora mpaka chini, akaibuka na fulana. Nobert hakuwa amekumbuka kuitoa. Alitamani ardhi ipasuke.

"Hii ndiyo ulimvalisha Kahambu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wengine?"

"Na wengine."

Biira aliikunjua, akaingiza vidole viwili kwenye ule mchaniko. Kisha akaizungusha ikawa ngata, akamwekea Nobert kichwani kama anavyowekewa msichana anayetumwa kuni kwa mara ya kwanza, akamtwika mtita juu yake.

"Pita polepole," akasema. "Mbele ya nyumba zote, mpaka kwa Kahambu."

Akapita. Siafu wa kwenye kuni wakamshukia kwenye kola, na mikono yote miwili ilikuwa juu, hawezi hata kujifuta macho. Yule mama aliyemfungia mlango akatoka, akamtazama, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na chungu cha maharagwe.